Siku Nilipomfunga Mama Hadija Mguu

Kila kanga ina harufu ya nyumba yake, na mimi nilizijua nyumba nyingi za kijiji chetu kwa pua kabla sijawahi kuingia ndani. Kanga ya kina Hadija ilinuka mafuta ya nazi na moshi wa kuni za mkaratusi. Ya kwetu ilinuka maziwa, kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mchanga. Ya Mwalimu Hoza ilinuka sabuni ya mche na vumbi la chaki. Nilizinusa nikiwa nimelala chali kwenye nyasi nyuma ya darasa la nne, macho nimeyafumba, wenzangu wakinifunga kichwa, bega, kifundo cha mguu. Nilikuwa na miaka kumi, skauti mdogo kuliko wote katika shule yetu, huko milimani juu ya Mponde. Kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kubebwa, kila Jumamosi ya mazoezi ya huduma ya kwanza nilikuwa majeruhi. Wengine walijifunza kufunga, mimi nilijifunza kufungwa.

Mwalimu Hoza alifundisha sayansi darasa la sita. Ndiye aliyeanzisha kikosi cha skauti, na hakuwa na sanduku la dawa wala bendeji. Alituambia tulete kanga kuukuu, vibanzi vya mbao kutoka kwa fundi seremala, na fimbo mbili ndefu za kutengenezea machela. Alifundisha kwa sauti ya chini, na jambo lile lile alilirudia mpaka tukaliota. Mtu aliyeanguka usimnyanyue kabla hujajua ameumia wapi. Mfupa uliovunjika usiunyooshe, uufunge ulivyo, ukivuka kiungo cha juu na cha chini. Hadija, binti wa darasa la saba, ndiye aliyekuwa hodari kupita wote. Fundo lake lilikaa bapa kama limepigwa pasi. Nilipenda anifunge yeye, maana mikono yake haikuwa na pupa. Wapo walionikamata mguu ghafla nikiwa nimefumba macho, nikashtuka hadi moyo ukanidunda, ingawa sikuwa nimeumia popote. Siku moja nilimlalamikia Mwalimu. Hakucheka. Aliwaambia wote, "Mmesikia? Kabla hujamgusa mtu, mwambie unataka kumgusa wapi."

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa nguvu. Ukungu ulishuka asubuhi ukakaa mpaka mchana, na njia za kwenda mashambani ziligeuka utelezi mtupu. Jumamosi moja, mimi na Hadija tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka mazoezini tukiwa na kanga zetu mkononi. Tulipofika kwenye mteremko ulio juu ya kituo cha kununulia majani ya chai, tulisikia mtu analia kwa Kishambaa, anamwita mama yake. Kapu la chai lilikuwa limepinduka, majani mabichi yametapakaa njia nzima. Pembeni, chini kidogo ya njia, alikuwa amekaa Mama Hadija. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Nilimgeukia Hadija nikingoja aanze. Hadija hakuanza. Alisimama pale na kanga yake, midomo inacheza bila kutoa sauti. Nikamwita mara mbili. "Hadija, mfunge mama." Alitikisa kichwa, akachuchumaa na kujifunika uso. Ndipo nilipoelewa kwamba kama kuna mtu wa kufanya jambo, ni mimi, ambaye sikuwahi kufunga fundo moja likasifiwa.

Kabla sijashuka, wanaume wawili walikuja mbio kutoka kituoni, wa nyuma ana jembe begani. Wa mbele alikuwa Mzee Kaniki, karani wa mizani, mtu mkubwa wa mwili na mwenye huruma. Alikuwa tayari anakunja mikono ya shati. "Shika huku, mimi nivute mguu unyooke," alimwambia mwenzake, "halafu tumpakize kwenye pikipiki." Niliogopa. Nyumbani kwetu mtoto hakuanza maneno na mtu wa rika lile bila kumwamkia, na kumkataza ndiko hakukuwepo kabisa. Ulimi wangu ulishika njia pekee uliyoijua.

"Shikamoo, Mzee Kaniki."

"Marahaba," akajibu, na kwa mazoea ya miaka yote akasimama, mikono ikabaki hewani.

"Naomba usimvute, mzee. Mwalimu Hoza amesema mfupa ukivunjika usinyooshwe. Naomba fimbo yako na mpini wa jembe lile."

Mwenzake akasema, "Mtoto huyu anatuchelewesha." Mama Hadija akapaza sauti kutoka chini, "Mwacheni! Msiniguse ninyi, mwacheni mtoto afanye anachojua." Mzee Kaniki akachomoa mpini kwenye jembe, akanipa pamoja na fimbo yake.

Nilipiga magoti kwenye matope. Sikujua fundo zuri, lakini nilijua inavyokuwa kulala chini huku watu wamekuinamia. Nikamwambia, "Mama, sasa naweka mkono chini ya goti lako. Sivuti." Nikaweka. "Sasa naweka kanga katikati ya mguu na mti, isikukwaruze." Kila nilichotaka kufanya nilikitaja kwanza. Alilia, akanibana bega hadi likaniuma, lakini hakuurusha mguu. Mzee Kaniki aliushikilia vile vile ulivyopinda, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Nilifunga mafundo manne, yote mabaya, yamevimba kama viazi. Wale wanaume wakapitisha fimbo mbili ndefu, walizochukua kituoni, kwenye magunia ya chai yaliyotobolewa pembe, ikawa machela, na tukaanza safari ya kwenda zahanati.

Tulipokuwa njiani Hadija alitufikia. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini macho yamerudi. Alitembea ubavuni mwa machela, akagusa vidole vya mguu wa mama yake. "Mama, chezesha vidole." Vilicheza kidogo tu. "Ni baridi," akaniambia. "Eliza, umekaza sana. Wekeni chini." Mzee Kaniki na mwenzake wakaiweka machela chini. Hadija alilegeza fundo la chini, akalifunga upya, bapa kama ilivyokuwa kawaida yake, akangoja mpaka vidole vikapata joto. Mganga wa zahanati alisema baadaye kwamba kama tungefika na fundo lile la kwanza, mambo yangekuwa mengine. Mama Hadija alipelekwa hospitali kwa gari jioni ile ile.

Jumatatu Hadija hakuja shule, na Jumanne pia. Mwalimu Hoza alinichukua tukaenda kwao. Hadija alikuwa jikoni, hataki kutoka. Mwalimu aliinama, akaingia, akakaa kwenye kigoda. "Nimeshindwa, Mwalimu," Hadija akasema. "Angekuwa mama yangu, nami ningeganda," Mwalimu akamjibu. "Ulisimama, kisha ukafuata. Na anayefuata anafika." Halafu akanigeukia. "Wewe, Jumamosi utakaa na Hadija mpaka ujue kufunga. Hatuwezi kuwa na skauti mwenye mafundo kama viazi." Hadija akacheka huku analia, na Jumamosi ile alikuja.

Leo naishi Lushoto mjini, nina duka la vitambaa karibu na soko. Njia ya kijijini kwetu imechongwa, pikipiki zinapita hata masika, na simu inashika mahali ambapo zamani ulipaswa kupiga kelele ungoje bonde likujibu. Binti wa dada yangu ni skauti, wana sanduku lenye bendeji zilizofungwa kwenye karatasi safi. Namwangalia nafurahi, sitamani vibanzi vyetu vya mbao. Ila nikikuta ajali barabarani naona bado mikono kumi inamvamia mtu mmoja kwa upendo na haraka, na mtoto aliyesimama kando, labda anayejua kitu, anaambiwa anyamaze.

Mwaka huu nilisikia kwamba Mwalimu Hoza amestaafu, anakaa juu kidogo ya mji. Nilikwenda kumshukuru, jambo nililopaswa kulifanya zamani. Nilimsimulia yote, mteremko, kapu la chai, Mzee Kaniki. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa upole kwamba anamkumbuka Hadija vizuri sana, lakini mimi, anisamehe, sura yangu haimjii. Amefundisha watoto wengi. Nilidhani nitaumia, sikuumia. Jambo lililoyabeba maisha yangu lilikuwa kwake kazi ya Jumamosi, na aliifanya vizuri vile vile kwa watoto wote, bila kujua nani atakuja kuihitaji.

"Na yule mama," akauliza, "bado anatembea?"

"Anatembea, Mwalimu. Mwezi uliopita nilimkuta shambani anachuma chai, akanikaripia kwa kukonda."

"Haya," akasema, akavuta chupa ya chai na kunimiminia. "Kunywa, bado ya moto."