Mama Ozella Tarpley, Aliyewafundisha Mabinti Jikoni

Alizaliwa Tallow Creek, jimbo la Mississippi, mwezi Machi 1911, mtoto wa saba wa wakulima waliolima pamba katika shamba la mwingine na kugawana naye mavuno. Ukunga aliurithi kwa mama yake. Mwaka 1935 alikuwa akimzalisha msichana wa miaka kumi na minne, naye msichana akamshika mkono na kuuliza, "Shangazi, mtoto atatokea kitovuni?" Ozella alicheka, kisha akalia. Huo ndio uliokuwa wito wake.

Shuleni mambo hayo hayakufundishwa, na kanisani hayakutajwa. Basi kila Jumamosi, mabinti walipofika jikoni kwake kunyooshwa nywele kwa ajili ya ibada, aliwaeleza damu ya mwezi, namna mimba inavyoingia, na haki yao ya kukataa. Aliyeketi chini ya sega la moto hakuweza kuikimbia aibu. "Mama Ozella, jamani, nyamaza!" walipiga kelele. "Tulia wewe! Ukikimbia sasa, kesho utaimba kwaya nywele zimenyooka upande mmoja."

Mwaka 1958 Mchungaji Lucius Stallworth alimwita. "Mama, unawaamsha waliolala."

"Hawajalala, Mchungaji. Wamefumba macho tu."

"Basi chagua: mafundisho yako, au vazi jeupe la mama wa kanisa."

Alikuwa amelitamani vazi hilo, heshima ya wanawake wazee wa kanisa, tangu ujana wake, na kiti cha mbele pamoja nalo. Akalichagua vazi, akaacha kufundisha. Sisi wa kanisa lake hatuandiki haya ili kumshusha. Watakatifu nao huogopa, na kanisa ndilo lililomtisha.

Majira ya kuchuma pamba yalipofika, Verlene Gaddis, binti wa miaka kumi na sita mwenye sauti nzuri kuliko wote kwayani, aliketi jikoni pale. "Mama, mtu akikosa siku zake miezi miwili, ana nini?"

Ozella aliendelea kuchana. "Kamuulize mama yako, mwanangu."

Verlene hakuuliza. Kwetu, binti aliyepata mimba nje ya ndoa alisimamishwa mbele ya madhabahu aombe msamaha, nao washarika wakainua mikono kumsamehe, huku kijana aliyempa mimba akiimba kwaya. Kwa kuiogopa fedheha hiyo Verlene alikunywa tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi, kama wasichana walivyodanganyana kuwa hutoa mimba, akafariki kabla daktari hajapatikana.

Jumapili baada ya maziko, Ozella aliingia bila vazi jeupe, akaenda kusimama pale waliposimamishwa mabinti. "Niliulizwa, nikanyamaza," alisema. "Nisameheni." Hakuna aliyeinua mkono. Mchungaji akaanzisha wimbo, nasi tukaimba.

Alirudi jikoni akafundisha hadi alipolala mauti mwaka 1983, akiwa hajarudishiwa kiti chake. Wazee husimulia kwamba tangu Jumapili ile hakuna binti aliyefunzwa naye aliyezikwa kama Verlene. Wengine huuita muujiza. Mwenyewe alisema ni majibu tu. Desturi ya kuwasimamisha mabinti tuliifuta mwaka 1991, na msamaha alioomba tukampa akiwa kaburini. Hata hivyo zingali shule jimboni zinazowaambia mabinti wasubiri ndoa, kisha zikafunga mlango wa maswali.

Anayetaka kumwiga mama huyu asianze na ujasiri wake wa Jumapili ile, kwa kuwa ulikuja umechelewa. Aanze kwa kulijibu swali la Verlene.