Fainali ya Dadu, Hjulsta

Wakati mashindano yanafutwa kwa sababu ya ule ugonjwa, binti yangu alikuwa ndani ya basi la timu, huko Marekani, njiani kwenda kucheza robo fainali. Basi likageuzwa barabarani. Hivyo tu. Dereva alitafuta mahali pa kugeuzia, akageuza, na msimu mzima ukaishia kwenye kituo cha mafuta cha mji ambao hata binti yangu hakumbuki ulikuwa unaitwaje. Siku chache baadaye alikuwa nyumbani kwangu Hjulsta, pembeni mwa Stockholm, na begi lake la vifaa, kubwa kama friji, limeziba korido yote. Kila nikienda msalani niliruka begi. Kila nikiliruka nilitukana kwa Kiganda, kwa sauti ndogo, maana matusi ya Kiswidi hayashibishi.

Mwanangu alikuwa kipa wa timu ya chuo, hoki ya barafuni, upande wa wasichana. Alizaliwa hapa, akafunzwa kuteleza kwenye barafu na shule, na alipokuwa mdogo mimi ndiye niliyemsindikiza mazoezini asubuhi za baridi, nakaa kwenye benchi la mbao nimejifunga blanketi, najiuliza ni laana gani iliyomfanya mtoto wa Kiganda apende kupigwa na kisahani cheusi cha mpira. Lakini alikidaka. Alikidaka vizuri mpaka chuo cha Marekani kikamlipia masomo. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne, wa mwisho. Baada ya hapo hakuna timu, hakuna barafu, kuna kutafuta kazi kama watu wengine.

Nilichotaka ni kimoja, na sioni aibu kukisema: nilitaka acheze mechi yake ya mwisho ajue kwamba ni ya mwisho. Watu wakaniambia niwe na subira, dunia inaumwa, watu wanakufa. Nilijua kwamba watu wanakufa. Nilikuwa nimeshahudhuria mazishi kwa simu, nimekaa jikoni na kitambaa kichwani. Ghala la mizigo la Märsta, karibu na uwanja wa ndege, ninakofanya kazi, lilikuwa limetupunguzia zamu kwa sababu ndege haziruki. Nilikuwa na muda tele wa kujua kila kitu. Kujua hakukunipunguzia hasira hata chembe.

Hapo inabidi niwaeleze habari za mashabiki. Tulikuwa na kundi la simu, watu wa Afrika Mashariki na Kongo tuliotawanyika Stockholm nzima, na miaka yote minne kundi hilo lilifuata mechi za mwanangu. Mechi zao za mchana zilitufikia sisi jioni, kwenye mtandao, na mtangazaji wa Kimarekani alikuwa anaongea kama anayefukuzwa. Nusu ya watu hawakumwelewa. Kwa hiyo nikaanza kutangaza mimi, kwa Kiswahili nilichookota Nairobi wakati wazazi wangu ni wakimbizi. Watu walizima sauti ya Mmarekani wakawasha yangu. Wakaniita Mama Kipa. Sitawadanganya, jina hilo nililipenda kuliko la ubatizo.

Chuo kikatuma ujumbe kwa mashabiki: tubaki nyumbani tukumbuke msimu mzuri. Nikausoma kwa sauti kwenye kundi, nikauliza tukumbuke nini wakati chenyewe hakijatokea. Ndipo mzee mmoja Mkongo wa Fisksätra, upande wa pili wa jiji, aliyestaafu kazi ya kufua nguo za hospitali na ambaye hajawahi kukosa mechi, akatuma sauti yake ya polepole.

"Mama Kipa, tucheze sisi wenyewe. Ratiba iko pale, timu zote tunazijua. Mimi niko na dadu ya ludo hapa kwangu. Wewe uko na yako. Match itakuwa match."

Nilicheka. Halafu sikucheka tena, kwa sababu dakika hiyohiyo watu walianza kubishana kanuni, na watu wetu wakishaanza kubishana kanuni jambo limekuwa rasmi. Tukakubaliana hivi: mzee wa Fisksätra anatupa dadu za wapinzani, mimi natupa za kwetu, kamera za simu zote mbili zinaangalia meza. Mshambuliaji anatupa, kipa anatupa, kipa akizidiwa ni goli. Na mimi natangaza kama kawaida, kana kwamba barafu iko mbele yangu.

"Zii, hiyo haiwezi," akasema nesi mmoja Mkenya, mtu wa kupinga hata saa ya ukutani. "Mama Kipa ndio home team, ndio anatupa dice, na bado ndio commentator? Hiyo ni conflict of interest."

"Basi tangaza wewe," nikamwambia.

Dada mmoja Mtanzania, dereva wa basi, akaleta hoja yake. "Jamani, kipa wetu si kipa wa kubahatisha. Hawezi kutupiwa dadu moja kama kipa wa mchangani. Apewe mbili, tuchukue iliyo kubwa." Kundi zima likaitikia ndiyo, hata nesi. Mzee wa Fisksätra peke yake ndiye aliyeguna, halafu akasema sawa, mtoto ni wetu sote.

Robo fainali tulishinda. Nilitangaza mpaka koo likakauka. Niliwataja wasichana wote kwa namba zao, nikawapa pasi, nikawaangusha, nikawainua, na kila dadu ya mzee ilipotoka kubwa na zangu zikatoka kubwa zaidi, nilipiga kelele kwamba kipa ameshuka kwa goti, amenyoosha mguu, amelizima shuti! Jirani wa juu akagonga sakafu. Nusu fainali ilinitoa jasho zaidi, tulikuwa nyuma, tukasawazisha, na mwishoni mwanangu akapangua shuti ambalo hata mimi niliyekuwa nalitunga nilisimama kulishangilia. Watu walituma sauti za vigelegele. Yule dada Mtanzania alisema amelia ndani ya basi tupu, kituo cha mwisho, akingoja zamu.

Na wakati wote huo mwanangu mwenyewe alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Sikuwa namtangazia mzee wa Fisksätra, mnielewe. Nilikuwa naupandishia ule mlango sauti. Nilitaka asikie kwamba kuna mahali, hata kama ni juu ya meza yangu ya jikoni, ambapo bado anacheza. Hakutoka. Nikimwita kula alinijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu tangu aanze shule, kwamba hana njaa. Begi lilibaki kwenye korido, hajalifungua hata kuanika glavu, na harufu yake ilikuwa imeanza kuingia kwenye mchele. Nilidhani anaomboleza. Nikaona dawa yake ni fainali.

Mchana wa siku ya fainali akaja jikoni kuchukua maji. Nilikuwa nafuta meza, naweka dadu kwenye kikombe. Nikamwambia kwa furaha yote niliyonayo kwamba leo ndiyo leo, nusu ya Stockholm itamwona akibeba kombe.

Akaweka glasi chini. "Mamma, jag skulle inte ha spelat."

Nisingecheza. Ndivyo alivyosema. Nikamuuliza asingecheza nini, akasema chochote. Kabla basi halijaondoka kocha alikuwa amemwita ofisini na kumwambia kwamba mechi za mtoano atacheza yule kipa mwingine, msichana wa mwaka wa kwanza. Yeye angekaa benchi. Alipanda lile basi akijua. Lilipogeuzwa, wenzake walilia, naye akajikuta anashindwa kujua analilia nini.

Damu ilinichemka. Nikaanza na kocha, nikasema yote niliyokuwa nayo juu yake, miaka minne, mtoto ameumia goti kwa ajili yao, halafu mtu wa mwaka wa kwanza! Nikamgeukia mwanangu: mbona hukuniambia?

"Ulikuwa umeshawaambia watu wote waangalie," akasema.

"Kocha huyo hana macho."

"Anayo. Yule ananizidi, Mamma. Nimefanya naye mazoezi kila siku. Ananizidi." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mimi nilikuwa napiga kelele peke yangu. "Wewe unashinda mechi kwa mtu ambaye hayupo golini. Nakusikia ukutani kila siku. Unajua inavyokuwa kusikia hivyo?"

Sikujua. Nilimwambia basi tuifute fainali, na sisi tufute kama wao. Akakataa. Akasema watu wanangoja, tucheze, lakini kila mtu akae mahali pake. Golini akae yule wa mwaka wa kwanza. "Na umpe dadu mbili," akasema. "Yeye ndiye wa dadu mbili."

Nilikaa na kile kikombe nikakiona kizito. Miaka yote hiyo niliitwa Mama Kipa, na sasa niingie kundini niseme mwanangu yuko benchi, kwenye mechi ambayo hata haipo! Ningeweza kudanganya. Nani angejua? Mechi ni yangu, dadu ni zangu, sauti ni yangu. Lakini alikuwa amevuta kiti, amekaa kando yangu, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Nikabonyeza simu.

Nilipowaambia, kundi liliwaka moto. Nesi Mkenya akasema hiyo ni madharau, kwani kocha ni nani huku Hjulsta? Dada Mtanzania akasema, "Shoga yangu, usituvunje moyo, mrudishe mtoto golini, tumeshafika fainali na yeye." Wengine walijitoa kundini palepale, kwa hasira, kwa ajili ya mechi ya ludo. Nilitamani kujitoa nao. Mzee wa Fisksätra akangoja kelele zipungue, halafu akasema, "Mama, kocha ameshapanga timu. Mimi niko tayari. Tutupe."

Tukatupa. Nilitangaza vibaya. Sauti haikutaka kupanda, na yule msichana wa mwaka wa kwanza, maskini, alidaka vizuri sana na dadu zake mbili, nami nikawa namsifia kama anayelipishwa faini. Katikati ya kipindi cha pili niliishiwa maneno kabisa. Nikaziba simu kwa kiganja nikamuuliza mwanangu, wewe saa hizi ungekuwa unafanya nini?

"Nafungua mlango," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba wachezaji wa hoki hubadilishwa mbio mbio, mchezo ukiwa unaendelea, na ule ukuta mfupi wa kando ya barafu una mlango upande wa benchi. Kipa asiyecheza husimama pale. Wenzake wakija hoi, anawafungulia. Wakitoka wapya, anawafungulia. Akichelewa, timu inapungukiwa mtu. Akifungua mapema, kisahani kinaweza kugonga mlango. Nilikuwa nimetazama mechi miaka yote hiyo, nimepiga kelele miaka yote hiyo, na sikuwahi hata mara moja kutazama mlango.

Nikaondoa kiganja. Nikawaambia watu kwamba namba saba amechoka, anarudi, mlango umefunguliwa kwa wakati, namba kumi na mbili ametoka, mlango umefungwa. Halafu nesi, nesi yuleyule, akauliza ni nani anayefungua. Nikamwambia. Tangu hapo kila walipobadilishana nilitangaza mlango, na mwanangu akawa ananinong'oneza, sasa, bado, sasa, na mara mbili alinisahihisha kwamba nimefungua mapema.

Tulishinda kwa goli moja. Dadu ya mwisho ya mzee ilikuwa tano, na msichana wa mwaka wa kwanza akatoa sita. Kundi likalipuka. Nikatangaza wasichana wakitupa magongo na kofia, wakimiminika barafuni kumrukia kipa wao, na nikatangaza kwa moyo wote, naapa, sikuwa na kinyongo tena na yule mtoto wa watu. Kati ya vigelegele nikasikia sauti ya polepole kutoka Fisksätra.

"Na mutoto yetu? Yeye iko wapi sasa?"

Mwanangu akanyoosha mkono akachukua simu. Alikuwa hajawahi kusema neno kwenye kundi lile, na Kiswahili chake ni cha kuvunjikavunjika, cha kuombea chumvi mezani.

"Mimi nafungua mlango," akasema. "Wote wanapita. Wote wametoka. Mimi bado niko hapa, nashika mlango."

Alikuwa ameikamata simu kwa mikono miwili na hakuwa ananitazama.

"Toka na wewe, mwanangu," nikamwambia. "Wameisha. Toka."

"Natoka," akasema, na ndipo akalia, kwa sauti kubwa, kichwa juu ya meza katikati ya dadu, simu imebanwa chini ya kifua chake, na mimi nikamshika mabega kwa nguvu zote, huku mzee wa Fisksätra akiuliza na kuuliza tena kama mtandao umekatika.