Swali la Mkutubi kwa Mdogo Wake

Pale chuoni, mkutubi mkuu hakuwa na kinyongo na mtu yeyote ila mdogo wake wa tumbo moja, mhadhiri wa kemia. Tangu utotoni mdogo mtu alipewa kabla hajaomba. Akivunja kikombe, aliyeulizwa ni dada mkubwa.

Kwa miaka mingi mkutubi aliomba chumba kipya cha kusomea. Wanafunzi walisoma wamekaa kwenye ngazi, na mvua ikinyesha paa likavuja, alisogeza rafu za vitabu vya sheria kwa mikono yake mwenyewe. Kila mwaka kamati ya majengo ilimjibu kwamba serikali haijaleta fedha. Mwaka huo zikaja, za jengo moja tu. Basi nani akaibuka dakika za mwisho na ombi lenye michoro ya rangi? Mdogo mtu, anataka maabara.

"Dada, usininunie," alimwambia kwenye korido. "Niachie hili, mwakani nitakupigia debe mwenyewe."

"Mwakani utataka bwawa la kuogelea."

Desturi ya kamati ile ilikuwa kuwaacha waombaji waulizane maswali, kisha watoke nje kura zipigwe. Mkutubi aliwaona wajumbe wakipokezana mchoro wa maabara, wakiitikia kwa vichwa, roho ikamchoma. Alikuwa amepanga kuuliza habari za maji machafu. Badala yake akauliza jambo ambalo wote pale walilijua na kulifumbia macho: kanuni inataka kila jengo lionyeshe fungu lake la matengenezo. La maabara liko wapi?

Mdogo wake akainamia meza. Hakuwa nalo.

Mwenyekiti, mzee mpole asiyepandisha sauti, akashukuru kwa kukumbushwa, kisha akalivuta ombi la pili. "Na la chumba cha kusomea, mama?"

Halikuwapo. Hakuna idara iliyowahi kuwa nalo, ndiyo maana kanuni ile ilikuwa haitajwi. Lakini ikishatajwa na katibu akaiandika, nani angejifanya hakuisikia? Maombi yote mawili yakarudishwa, na kwa kuwa mwaka wa fedha ulikuwa ukingoni, fedha zikarudi hazina.

Nje ya ukumbi mkutubi alijiandaa kutukanwa. Mdogo wake hata hakupandisha sauti.

"Ungenyamaza tu ungepata," alisema. "Mkuu wa idara yangu, naye ni mjumbe, alinidokeza asubuhi kwamba kura nyingi ni zako. Mle ndani walikuwa wanasifia rangi."

 Mkutubi alitaka kusema pole, ila kilichomtoka ni lawama: kwa nini hakumwambia?

"Ungeniamini, dada?"

Asingemwamini. Angedhani ni ujanja wa kumfunga mdomo, na swali angeliuliza vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi.