Injinia wa Matumbo ya Kuku

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mbele huko nitamnyima nafasi. Hii ni habari ya mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia.

Alipokuja kuposa nilimuuliza kazi yake, kwa sababu mama mzazi haulizi rangi ya shati. Akajibu macho chini kwamba yuko kiwandani, kwenye mashine. Basi. Maneno hayo nikayamwagilia maji yakachipua. Kufika jioni jirani wa chini alishajua kwamba mkwe wangu anaunda mashine. Wiki ilipokwisha, mashine haziwaki mpaka azisalimie. Mwaka ulipogeuka nilishampa ofisi ya vioo, na akikohoa humo wakubwa wanasimama. Yeye alinyamaza. Akiitwa Injinia aliitika huku akitazama viatu vyake, nasi tukasema, tazameni adabu ya msomi.

Kitu kimoja kilinitatiza: alikuwa hali kuku. Namchinjia jogoo, jogoo ambaye akiwika saa za jengo zima zinajirekebisha, na mkwe anaisukuma sahani taratibu. Daktari amemkataza, anasema. Nikamwonea huruma, mtu mkubwa hivi na tumbo la kitoto.

Sasa, mlango wa pili wa ghorofa yetu aliishi mwanamke tuliyembandika jina la Mama Manyoya. Alifanya kazi kiwanda cha kuku. Alirudi ananuka damu na maji ya moto, na siku nyingine unyoya umenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Watoto wakipishana naye ngazini walibana pua. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mama yule akipiga chafya mtaa mzima unapata mito ya kulalia. Walicheka sana. Mkwe wangu naye alicheka, ila kwa meno tu. Na akikutana na mama huyo barabarani, alivuka upande wa pili.

Mwaka huu akaomba uraia wa nchi hii tuliyohamia. Mimi na marehemu mzee wangu tuliupata zamani, binti yangu anao, wajukuu wanao. Nyumba nzima mgeni alikuwa yeye. Sheria inataka uandike kila kazi uliyofanya tangu uingie nchini, kisha ulete raia wawili wanaokujua, waulizwe kila mmoja peke yake. Mashahidi tukawa mimi na fundi cherehani wa duka la chini, mtu ambaye hajawahi kushona suruali miguu ikalingana, lakini uongo hajui. Mkwe alijaribu kunizuia. Mama utachoka, ngazi nyingi, nitatafuta mwingine. Nikamwambia mashahidi wa kuazima ni wa watu wasio na mama mkwe.

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Alianza na fundi, kisha akaniita. Mkweo anafanya kazi gani? Nikajiweka sawa kwenye kiti nikampa yote, vioo, kikohozi, wakubwa wanasimama. Hakuandika neno. Aliweka kalamu chini, akatuita wote chumba kimoja. Mkwe wangu alibaki amesimama, na kiti kipo.

"Hapa umeandika kiwanda cha kuku, miaka yote," ofisa akasema. "Mashahidi wako wote wawili wanasema injinia. Ama hii kazi anaifanya mtu mwingine kwa jina lako, ama hawa hawakujui."

Akaeleza kwamba wapo wanaokodisha majina yao ili wengine wafanyie kazi. Akithibitisha kwamba na huyu ni hivyo, si uraia tu atakaokosa, hata kibali cha kukaa kitaondoka. Nikawaona wajukuu wangu na sanduku la baba yao mlangoni.

Mkwe alinitazama mara moja, akageukia ukuta. Mnajua mkwe ni nani. Mtu huyu mbele yangu hata kupenga kamasi anatoka nje.

"Ni mimi," akauambia ukuta. "Mashine inanyonyoa. Mimi nasimama baada yake, natoa matumbo."

"Unatoa nini?" akauliza ofisa, masikio yake yameziba kwa mafua.

"Matumbo. Ya kuku."

Fundi akainama kukagua pindo la suruali yake. Ofisa akaniuliza kama bado nasimamia niliyosema. Ulimi wangu haujawahi kulala njaa, lakini pale ulimeza maneno yake yenyewe. Nikajikamua: hapana, kazi yake sikuijua. Akasema shahidi asiyejua kazi ya mtu hamjui mtu. Tulete raia aliyemwona kwa macho akiifanya kazi hiyo, kabla ya wiki kwisha, la sivyo ombi limekataliwa.

Tukarudi nyumbani. Ngazini nikamuuliza kama kiwandani yupo raia yeyote. Akasema wengi ni wageni kama yeye, raia anayefanya naye kazi ni mmoja. Hakumtaja. Aliutazama tu mlango wa pili.

"Anasimama karibu na wewe?"

"Bega kwa bega, mama. Siku zote."

"Na hakuwahi kusema?"

"Nilimwomba asiseme."

Akaniomba nitangulie ndani. Nikakataa, nami nilikuwa na aibu yangu ya kubeba. Akabisha hodi kama mtu anayeogopa kusikika. Mama Manyoya akafungua, mikono ina povu la sabuni. Akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Karibuni. Au leo barabara imekosa upande wa pili?"

Mkwe akaeleza, maneno yanatoka moja moja. Mama yule alisikiliza akiegemea mlango, hakumkatiza.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Kule ndani unanikatia nusu ya mkate wako, unaniita dada. Ukitoka getini hunijui. Kesho asubuhi kituo cha basi kikijaa watu, nisalimie."

"Hilo tu?" nikauliza.

"Hilo tu, bibi. Na wewe pia."

Angetuambia tulibebe jengo mgongoni ningeona nafuu.

Asubuhi kituo kilijaa. Mkwe akamsogelea, akasalimia kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. "Sijasikia," mama yule akasema. Akarudia kwa nguvu, habari za asubuhi, dada, vichwa vyote vikageuka. Fundi akajifanya anatafuta basi. Jirani mmoja akauliza, Injinia, kumbe huyo unamjua? "Tunafanya kazi moja," akajibu, na shingo yake ikalowa jasho licha ya baridi ile.

Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo, nikakuta sina jina la kumwita ila lile la kejeli, ambalo nililitunga mwenyewe. Nikasema hujambo, nikaishia hapo. Akanijibu sijambo, bibi, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi.

Alikwenda akatoa ushahidi. Ofisa alimuuliza anamjuaje huyu bwana. Akasema kwenye mstari wao hakuna anayetoa nyongo bila kuipasua kama yeye, na mtu mwingine akiipasua, yeye ndiye anayesafisha bila kumsema. Uraia ukatoka. Mtaa bado unamwita Injinia, wengine kwa mazoea, wengine kwa kumchoma. Haitiki tena.

Jogoo sijamchinjia tangu siku ile. Namwekea maharage, anakula mpaka sahani inang'aa, anashukuru, na bado haniangalii usoni. Wala mimi sijui nimwangalie vipi.