Mwamba wa Mita Moja

Nimeona watu wa kujidai, lakini injinia aliyekuja kupima udongo shuleni kwetu mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, aliwafunika wote. Alikuja na gari lenye kiyoyozi, akakaa humo humo. Ukiona kashusha kioo, ujue anauliza chipsi zinauzwa wapi.

Kazi aliifanya fundi mmoja mzee wa Misungwi na vijana wake, kwa mashine yao. Shule ilitaka ghorofa la madarasa pale chini ya mlima, sasa ilibidi kwanza kichimbwe kishimo chembamba kwenda chini, ijulikane ghorofa litakanyaga nini. Kila mita, fundi alitia udongo kwenye mfuko na kuandika umetoka kina gani. Nilikitazama kile kishimo kuliko ubao wa hesabu. Mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari, na madarasa hayo yalikuwa ya kidato cha kwanza. Ghorofa likishuka, linashuka naye.

Mita ya nne wakagonga jiwe. Mashine ikanguruma weee, ikatoa kipande cha mviringo, kirefu kama mchi, cha kijivu chenye madoa. Mita nzima ya jiwe. Injinia akashuka, akapiga nacho selfi.

"Mwamba huo. Fungeni mashine."

"Bosi, tuongeze walau mita tatu," fundi akasema. "Mawe ya huku mengine yamelala tu kwenye udongo."

"Mzee, wewe chuo ulisoma wapi?"

Fundi akarudi kwenye mashine yake. Mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia yeyote aliyevaa kofia ngumu. Mimi nimekulia Igogo, tunaanika nguo juu ya mawe makubwa kuliko nyumba. Nikatoa kichwa dirishani mwa darasa.

"Shikamoo, Injinia."

Bwana mkubwa akaitika marahaba.

"Jiwe la nyuma ya choo chetu nalo ni mwamba? Nauliza tu, maana masika lilihamia kwa jirani."

Darasa zima likaangua kicheko. Mkuu hakucheka.

"Wewe, ndoo ishirini za maji! Mashine ya wageni ioshwe!"

Nikachota. Nilipofikisha ndoo ya tano, fundi akamwendea injinia, aliyekuwa anakula chipsi kwenye boneti.

"Bosi, maji haya yamezidi ya kuoshea. Jiwe linakatwa kwa maji. Niongeze kidogo, ukimaliza kula tunafunga?"

"Jifurahishe, mzee."

Ndoo ya kumi na mbili, maji yaliyokuwa yakirudi juu yakakata ghafla. Vyuma vikatokeza chini ya jiwe, vikazama puu! Walipovivuta, likatoka tope la njano, laini kama ugali wa muhogo usioiva.

Injinia akafuta mafuta vidoleni, akaligusa, akamgeukia mkuu. "Nilishuku tangu mwanzo. Ndiyo maana nikaagiza waendelee."

Na mkuu akampa mkono! Wala hakuona haya.

Fundi hakuinua hata macho. Alikuwa anaandika kwenye mfuko: mita sita.

"Zimebaki ndoo ngapi, binti?"

"Nane."

"Lete zote. Huko chini bado hatujafika."

Nikakimbia. Injinia alikuwa amesimama katikati ya njia, anamwelezea mkuu mambo ya miamba, na ndoo yangu ilikuwa imejaa mno. Suruali yake ikalowa mpaka magotini.

Nikamwomba samahani. Kwa sauti ya upole kabisa.