Kila Akisikia Hodi, Zenon Anashika Mwiko

Kaka yangu alimtandika mchumba wangu mwiko wa kichwa kabla hata hajakaa.

Sio utani wadau. Nyanda akashika paji la uso, damu hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Zenon ni mkubwa wangu, amezaliwa na Down syndrome. Zamani alikuwa mpole kuliko sisi wote, anapukuchua mahindi huku anaimba nyimbo za kwaya. Mwaka jana akabadilika ghafla. Mtu akibisha hodi, anapiga, anauma. Katekista alitoka kwetu shati limechanika.

Hapa Malangali wakasema ana mapepo. Mama akalia. Mimi nikanunua kufuli.

Nyanda akapiga simu. "Albina, Jumapili baba mdogo anakuja na washenga kutoka Milepa. Yule kijana wenu wa kazi akimgusa, posa imekufa."

Kijana wa kazi. Ndivyo nilivyomtambulisha kaka yangu. Nichekeni tu.

Jumamosi tunapepeta ulezi uani. "Hodi!"

Nikamrukia Zenon nimshike mikono. Hakupiga. Alibeba kigoda na kikombe chake, akaingia stoo ya mahindi, akavuta mlango.

"Albina, funga. Mgeni kaja."

Kumbe ni Mama Felisian, jirani, karudisha ungo.

Sasa niseme ukweli. Hapo juu nimewadanganya. Kufuli lilitangulia, fujo zikafuata. Tangu Nyanda aanze kuja kwetu nilikuwa namfungia Zenon stoo na panya kila mgeni akibisha hodi, naionea haya sura yake. Alikuwa anamfukuza mgeni ili asifungiwe. Siku hiyo alikuwa amechoka kupigana.

Kufuli nikalitupa chooni.

Jumapili, "Hodi!" Zenon akatazama stoo. Nikampa jagi la maji.

"Kaka, kaa na mimi. Wanawishe wageni."

Akamnawisha mzee Mboje, baba mdogo wa Nyanda, mpaka viatu vikalowa. Nilifumba macho.

"Huyu ndiye yule wa kazi?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Ni kaka yangu mkubwa. Nyanda nilimdanganya."

Nyanda akainamisha kichwa. Mzee akakung'uta kiatu.

"Kaka mkubwa anashika maji? Mpeni kiti. Mahari tutaizungumza na nani kama si yeye?"

Zenon akakaa. Kila baada ya dakika chache alichungulia stoo, kisha ananitazama mimi.

Mpaka leo anachungulia. Ndugu yako akigeuka mkali, kabla hujatafuta mapepo, tafuta ufunguo. Huenda unao mfukoni.