Fundi Octave na Maandishi ya Pembeni

Ukiingia kwa Octave, fundi wa suti pale Joubert Park, ulikutana na vitabu kabla hujaiona cherehani. Vilikuwa vitabu vya ushonaji vya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na vyote vimeandikwaandikwa pembeni na mafundi waliokwisha kufa. Kitabu kisafi hakukitaka. Wauza vitabu vikuukuu wa mjini walimjua. Wakipata kilichochafuliwa kwa penseli walimwekea, huku wakimwomba radhi.

"Wenzako wanakusanya saa, wewe unakusanya uchafu wa watu," mkewe Léocadie alimtania.

"Mama Glody, katikati ya ukurasa fundi anajisifu. Pembeni ndiko anakosema kweli."

Na wiki ile kweli ilitakiwa upesi. Jumamosi mteja wake Ruphin alikuwa anamwoza binti yake Shekinah kwa watu wa Midrand, wenye pesa zao, na koti lake lilikuwa limemshinda Octave mara mbili. Mara ya kwanza lilinyanyuka nyuma kama mkia wa bata. Akafumua, akapima upya, akashona. Likanyanyuka tena, na safari hii kola ikaachana na shingo.

Ruphin alijitazama kwenye kioo, akalivua polepole.

"Eish, fundi. Tuache tu. Mdogo wangu atamsindikiza mtoto mbele. Mimi nitavaa shati, nikae nyuma."

Baba mzima, miaka ishirini amesukuma mizigo ya wasafiri pale Park Station ili mtoto asome, leo akae nyuma kwa sababu ya koti! Octave alishikwa na aibu.

"Rudi kesho asubuhi, papa. Nakuomba."

Ruphin alipotoka, Octave aliteremsha vitabu vyake kimoja kimoja, akisoma pembeni tu. Kulikuwa na kimoja kinene cha Kifaransa, alichokipata kwenye mnada wa kanisa huko Randburg. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtu anayepimwa, amesimama wima kama mlingoti, na ubavuni mwa picha mwandiko mdogo wa penseli, wa fundi ambaye hata jina hakuliacha: *Mtu wa namna hii hayupo duniani. Mteja akiiona futi hujikaza. Mwulize habari za kwao. Akiusahau mgongo wake, pima.*

Octave akaangua kicheko mpaka Léocadie akachungulia.

"Nimempima askari wa gwaride, mama! Ruphin mwenyewe sijampima bado."

Asubuhi Ruphin akaja, akasimama: kifua mbele, tumbo ndani, mabega juu. Octave hakumgusa.

"Papa Ruphin, kwenu ni mji wa Baraka, siyo? Nasikia mbuzi wa huko ni wezi."

"Wezi? Fundi, wewe hujaona mbuzi! Sisi tulikuwa na dume moja, lilikula kofia ya padri siku ya kipaimara! Padri yuko mbele anabariki watu, lenyewe liko mlangoni linatafuna!"

Mikono ikaanza kuruka, tumbo likarudi mahali pake, na mgongo ukainama taratibu, ule mgongo wake wa kila siku, wa kusukuma toroli. Octave akauliza padri alifanyaje, akapima mabega. Akauliza mbuzi aliishia wapi, akapima kutoka shingoni hadi kiunoni. Loo! Nyuma koti lilikuwa fupi kwa vidole viwili vizima.

"Sharp, papa, safi. Nenda zako."

"Si hujanipima!"

"Nimekwisha."

Kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo. Kikatosha mgongo mpya, lakini kwa shida.

Jumamosi Ruphin aliingia kanisani amemshika Shekinah mkono. Mgongo umeinama vile vile, koti limeufuata limetulia, utadhani wamezaliwa pamoja. Akina mama wakapiga vigelegele. Huko ukumbini joto likawa kali, wanaume wote wakavua makoti yao, isipokuwa yeye.

"Papa Ruphin, hutokwi na jasho?" Léocadie akamwuliza.

"Natokwa sana, mama. Lakini nikilivua, hawa wa Midrand watatazama nini?"

Akainua mikono yote miwili juu, akaingia kucheza.